Kompyuta ikikohoa ni feni, ikibisha hodi usiiwashe tena

JUMAMOSI moja asubuhi, katika nyumba moja huko Mbagala, Dar es Salaam, mtoto wa darasa la nne aliingia chumbani kwa wazazi wake akasema: "Baba, kompyuta inakohoa."

Hakukosea. Kompyuta ile ya mezani ilinunuliwa Kariakoo ikiwa imeshatumika, kabla yeye hajazaliwa, na tangu siku hiyo ilikaa kwenye kona ileile ya sebule. Ilifunikwa kitambaa cha kufuma, na juu ya kitambaa paliwekwa ua la plastiki na picha ya harusi. Asubuhi hiyo ilipowashwa ilitoa mlio wa "krrrr, krrrr", kama mzee anayesafisha koo.

Baba alijua dawa yake. Aliipiga kofi ubavuni, si kwa nguvu sana, na mlio ukakoma. Kesho yake hivyohivyo. Kwa kama miezi miwili familia ilizoea: bonyeza swichi, piga kofi, endelea na shughuli. Binti wa kidato cha tatu alichapa humo kazi za shule, mdogo wake alicheza mchezo wa magari, na mama alitunza hesabu za biashara yake ya vitenge.

Siku mlio ulipobadilika, hakuna aliyetilia maanani isipokuwa yule mtoto.

"Baba, hii siyo ile. Ile ilikuwa inakohoa, hii inabisha hodi."

"Ni ileile. Ipige kofi."

Wazazi wengi wenye kompyuta ya zamani nyumbani hufanya kosa hili la kudhani kila mlio ni mlio uleule. Ipo milio ambayo familia inaweza kuishi nayo hadi mwisho wa mwezi. Ipo inayokwisha kwa kusafisha vumbi tu. Na upo mmoja ambao ukishausikia, muda uliobaki wa kuokoa vilivyomo ndani unaweza kuwa mfupi sana. Kofi halijui kutofautisha.

Kabla ya kumwita fundi, sikiliza mlio unatoka wapi. Kunja gazeti liwe kama bomba, ikiwa bado kuna gazeti la karatasi nyumbani, weka ncha moja sikioni na nyingine isogeze taratibu nyuma na ubavuni mwa lile sanduku ambalo wengi wetu huliita CPU. Njia nyingine ni kuunasa mlio kwa simu, tangu unapobonyeza swichi hadi kama nusu dakika, kisha uzime. Fundi akiusikia ataelewa haraka kuliko maelezo ya "mara inafanya hivi, mara vile".

Mlio wa kukohoa, kukwaruza au kuvuma, ambao ni mkubwa wakati wa kuwasha na hupungua baada ya dakika chache, mara nyingi ni wa feni. Ndani ya kompyuta ya mezani kuna feni mbili au tatu: moja juu ya prosesa, moja ndani ya pawa saplai, na pengine moja nyuma ya sanduku. Kila moja huzunguka kwenye kijiti chenye mafuta kidogo. Miaka ikipita mafuta hukauka, vumbi huingia, na asubuhi feni inapoanza kuzunguka ikiwa baridi hulalamika. Ikipata joto kidogo inatulia. Ndiyo sababu kofi la yule baba lilionekana kufanya kazi, kwa kuwa feni ilikuwa inakaribia kutulia yenyewe.

Wakati mwingine si mafuta bali ni kitu kinachogusa mapanga ya feni. Waya uliolegea, kwa mfano. Katika nyumba zetu kuna wageni wengine wanaopenda joto la kompyuta, yaani mende, sisimizi na mjusi kafiri. Fundi akifungua kompyuta iliyokaa miaka kadhaa bila kuguswa na kukuta mjusi aliyekauka kando ya feni, hashangai.

Kazi ya kusafisha haihitaji utaalamu mkubwa, ila ifanywe na mtu mzima. Zima kompyuta, chomoa waya wa umeme ukutani kabisa, usiishie kuzima swichi ya soketi tu. Fungua ubavu kwa bisibisi, shika bati la sanduku kwanza ili umeme tuli wa mwilini uondoke, kisha ondoa vumbi kwa brashi safi ya kupakia rangi. Ukitumia blowa, zuia mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke ovyo, maana yakizungushwa kwa kasi kubwa feni inaweza kuharibika. Feni iliyokauka huweza kupata nafuu kwa tone moja la mafuta ya cherehani chini ya ile karatasi ya katikati. Mafuta ya kupikia hapana. Hugeuka gundi, na mwezi ujao hali inakuwa mbaya zaidi. Hata hivyo feni mpya si kitu cha bei kubwa, na ile iliyoanza kukwaruza ni bora ibadilishwe.

Na kile kitambaa cha kufuma kinapendeza, lakini kinaziba matundu ya hewa. Kivue wakati mashine inafanya kazi. Sanduku lisikae sakafuni, linyanyuliwe juu ya kigoda au tofali, na liachwe mbali na ukuta kiasi cha shubiri.

Jambo moja la kuangalia: feni iliyokuwa inapiga kelele kisha ikanyamaza ghafla, huenda haijapona. Huenda imesimama. Kompyuta itaanza kuwa nzito, kisha itajizima yenyewe kwa joto.

Mlio wa "pii" ni kitu kingine kabisa, na huo haupaswi kumtisha mzazi. Hapo mashine inazungumza. Kompyuta inapowashwa hujikagua kwanza, na kwa kuwa skrini inaweza kuwa haijawaka, hutumia spika ndogo ya ndani kutoa taarifa. Desturi hiyo ilikuwepo tangu IBM PC ya mwaka 1981, ambayo ilitoa "pii" moja fupi kuonyesha kuwa ukaguzi umekwenda salama. Kwa mashine nyingi maana hiyo ndiyo iliyobaki. Ikitoa "pii" nyingi mfululizo huku skrini ikibaki nyeusi, sababu inayoonekana mara nyingi ni RAM, vile vibao vyembamba vya kumbukumbu vilivyochomekwa wima kwenye mazabodi. Hulegea, au sehemu yake ya dhahabu hushika uchafu. Chomoa umeme, kitoe kibao, sugua ile dhahabu taratibu kwa raba safi ya kufutia penseli, pangusa, kirudishe hadi vishikio vya pembeni vibane. Kompyuta nyingi zilizodhaniwa kufa zimefufuliwa na raba ya mtoto wa shule. Maana ya idadi ya milio hutofautiana kati ya watengenezaji, hivyo hesabu "pii" zilizotoka, uandike na namba ya modeli, ndipo uulize.

Lakini kabla ya kufungua chochote, angalia kibodi. Kitabu cha hisabati kikilalia vitufe wakati kompyuta inawashwa, nayo pia huweza kupiga "pii" kwa malalamiko. Vivyo hivyo, mngurumo mkubwa wa ghafla kama pikipiki unaweza kuwa CD iliyosahaulika ndani. Itoe, na kama ina ufa usiirudishe, kwa sababu CD yenye ufa inaweza kupasuka inapozungushwa kwa kasi.

Penye hatari kwa watoto ni pawa saplai, lile boksi la bati ambalo waya wa umeme huingia. Likitoa mlio mwembamba wa "ng'wiii", au wa kuchemka, au harufu ya kuungua, chomoa waya na usiwashe tena. Boksi hilo halifunguliwi nyumbani hata likiwa limechomolewa, kwa kuwa kapasita za ndani huweza kubaki na chaji ya kumuumiza mtu. Kapasita ni vile vikopo vidogo vilivyosimama, ambavyo vipo pia kwenye mazabodi, na vichwa vyake vinatakiwa kuwa bapa. Kompyuta nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilitoka viwandani zikiwa na kapasita mbovu zilizovimba na kuvuja baada ya miaka michache. Ukiona vichwa vimevimba kama andazi, umeshapata jibu.

Nyuma ya pawa saplai nyingi za zamani pia kuna kiswichi kidogo, mara nyingi chekundu, chenye namba 115 na 230. Kwetu umeme wa nyumbani ni volti 230. Kwa Marekani ni karibu nusu ya hapo, na kompyuta nyingi za mtumba zimetumika nchi za namna hiyo. Mtoto wa miaka mitatu akikaa nyuma ya meza na kukisogeza kiswichi hadi 115, mtu atakayewasha baadaye atasikia "paa!" moja, na mara nyingi hiyo ndiyo sauti ya mwisho ya pawa saplai hiyo. Hakikisha kiko 230, kisha kipige plasta juu. Ni kazi ya dakika moja.

Sasa ule mlio wa kubisha hodi.

Hadidiski ya zamani, mahali picha na mafaili yote hukaa, ina sahani za duara zinazong'aa kama kioo. Zinazunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na 7,200 ni mara 120 katika sekunde moja. Juu ya kila sahani kuna kichwa kidogo cha kusomea ambacho hakiigusi. Kinaelea juu yake kwa nafasi ndogo mno, ndogo kuliko unene wa unywele kwa maelfu ya mara. Ikiwa nzima, hadidiski inapowashwa hutoa sauti ya "vuuum" inayopanda, kisha mikwaruzo midogo isiyo na mpangilio inapotafuta mafaili. Hiyo ni kawaida.

Kisicho cha kawaida ni mgongo unaojirudia kwa mpangilio: tik, kimya, tik, kimya, tik. Hapo kichwa kinatafuta alama za kukiongoza kwenye sahani, hakizioni, kinarudi mwanzo na kujaribu tena. Huenda kichwa chenyewe kimeharibika, na kama kimeharibika kila jaribio linaweza kuikwaruza sahani na kufuta kabisa kilichoandikwa hapo. Wakati mwingine chanzo huwa ni pawa saplai dhaifu au waya mbovu, na hadidiski yenyewe ni nzima. Lakini mtu aliye nyumbani hawezi kujua kwa kusikiliza, kwa hiyo aichukulie kuwa inakufa.

Kuwasha ndiyo saa ngumu kuliko zote kwa hadidiski. Mota yake huhitaji umeme mwingi zaidi kuanza kuzungusha sahani kuliko kuendelea kuzizungusha, kama vile gari lililozimika linavyokuwa zito mnapoanza kulisukuma. Ndiyo maana hadidiski iliyochoka hugonga kwanza asubuhi, na pengine ikishawaka inafanya kazi siku nzima kana kwamba haina tatizo. Hapo watu hudanganyika. Huzima usiku, huwasha asubuhi, na asubuhi moja haiwaki tena. Na kuipiga kofi wakati sahani zinazunguka chini ya kichwa kinachoelea hivyo, ni heri hata kuimwagia chai, maana angalau chai ungejua umeharibu.

Katika nyumba ile ya Mbagala, kubisha hodi kuliendelea kwa karibu wiki tatu. Siku moja mama alirudi kutoka sokoni akamkuta mumewe amesimama mbele ya mashine, kiganja kimeinuliwa.

"Baba watoto, zima hiyo."

"Ngoja kwanza ifunguke."

"Izime. Mzee yumo humo."

Mkono ukashuka. Alichosahau baba ni kwamba mwaka 2014 walikwenda kijijini, na baba yake mzazi alikaa chini ya mwembe akasimulia ukoo mzima mbele ya simu: nani alizaliwa na nani, walihama wapi, walizikwa wapi. Mwaka uliofuata mzee alifariki. Simu iliyorekodi iliibiwa kwenye daladala. Video ilikuwa imehamishiwa kwenye kompyuta, na haikuwepo mahali pengine popote.

Jioni ileile walibeba sanduku hadi kwa fundi, kijana mwenye kibanda karibu na kituo cha daladala.

"Shikamoo mzee. Ina shida gani?"

"Marahaba. Inagonga. Iwashe usikie."

"Hapana, siiwashi. Tangu ianze kugonga, mmeiwasha mara ngapi?"

Baba alitazama pembeni. "Kama mara ishirini hivi."

Fundi hakusema kitu. Aliitoa hadidiski, akaiweka juu ya sponji, kisha akauliza swali ambalo kila familia ingefaa kuwa na jibu lake kabla ya siku hiyo: "Ikikubali, inaweza kukaa dakika tano au saa moja. Nianze na nini?"

Walibishana pale kibandani. Baba alitaka video ya mzee. Mama naye alitaka hiyo kwanza, kisha picha za watoto walipozaliwa, kisha hesabu za vitenge, maana alikuwa anadaiwa na anadai. Binti alisema noti zake anazo kwenye flashi, asihesabiwe. Mdogo aliomba mchezo wa magari, akatazamwa.

Fundi aliiunganisha na kompyuta yake nyingine, yenye umeme wa uhakika, ili asiiwashe kwa kupitia Windows iliyokuwa ndani yake. Hakuendesha programu ya kurekebisha diski, kwa sababu programu za namna hiyo huizungusha diski mbovu kwa saa nyingi. Skrini ilipouliza kama diski ifomatiwe, alikataa. Mteja mmoja aliyekuwa akisubiri simu yake alishauri iwekwe kwenye friza usiku mmoja, ushauri ambao umezunguka miaka mingi. Fundi alitikisa kichwa. Ikitoka kwenye friza hupata umande ndani, na umande juu ya sahani zile ni msiba. Kuifungua kwa bisibisi ili "kuona kilichokwama" ni msiba mkubwa zaidi, kwani punje ya vumbi ni kubwa kuliko nafasi anayopita kichwa.

Ilisomeka kwa dakika kama arobaini. Video ya mzee ilikuwa na dakika 26, zikatoka 17. Picha za watoto zilitoka nyingi, zikakosekana za mtoto wa kati aliyefariki akiwa mchanga, zilizokuwa kwenye folda la peke yake. Hesabu za vitenge zilitoka zote. Kisha ikagonga mara tatu na kunyamaza. Zipo maabara zinazofungua hadidiski katika vyumba visivyo na vumbi na kubadilisha vichwa, ila gharama yake ni kubwa, na fundi aliwaambia waitunze diski ile kavu, bila kuiwasha, hadi watakapoamua. Mama aliifunga kwenye kanga na kuiweka kabatini.

Usiku ule baba alikaa na simu sebuleni akifanya ambacho kingemchukua saa moja tu miezi miwili nyuma. Alinakili vilivyookolewa kwenye hadidiski ya nje, akanakili tena kwenye nyingine ya kwenda kukaa kwa dada yake Morogoro, kwa sababu nakala mbili zilizo nyumba moja huibiwa na mwizi mmoja. Kwa ndugu wengine alituma picha kwa WhatsApp kama nyaraka, kwa kuwa zikitumwa kama picha za kawaida hupunguzwa ubora. Video ilipofika dakika ya 17, mzee anainua mkono kumtaja mama wa babu yake, na picha inaganda mdomo ukiwa wazi.

Jumapili walimpigia shangazi aliyebaki kijijini, simu ikiwa kwenye spika na binti akirekodi kwa simu nyingine. Shangazi alilijua jina. Alijua na mengine mawili ambayo mzee hakuwahi kuyataja.

Kompyuta ilirudi baada ya wiki moja, ikiwa na feni mpya na diski ya SSD. Hiyo haina kitu kinachozunguka, hivyo haigongi, na hata ikiharibika haitabisha hodi kwanza. Fundi alilisema hilo mara mbili wakati anapokea hela yake. Kitambaa cha kufuma sasa kinafunika redio.